Mgonjwa Akipona, Nyumba Nayo Ipone

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya kuwatembelea wagonjwa, katika maadhimisho ya hekalu letu, Mbeya)

 

Siku ya maadhimisho ni siku ya shukrani. Wengine wamekwisha kuwashukuru waliojenga, waliochanga na walioitunza nyumba hii. Sisi tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya shukrani ya aina nyingine, ile ya kumwona mpendwa wetu akiinuka kitandani. Tumechagua kuzungumza juu ya kifua kikuu, kwa sababu ni ugonjwa unaowafikia watu wa dini zote na wa vipato vyote katika nyanda hizi, na kwa sababu ni ugonjwa unaopona kabisa kwa dawa, ilhali hofu yake hubaki ndani ya nyumba muda mrefu baada ya dawa kwisha.

Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba usimsumbue mgonjwa kwa maswali. Mpikie, mpelekee, mpe. Methali hiyo ni ya kweli, na katika mitaa yetu tumeiona ikitekelezwa kwa upendo mkubwa. Jirani Mnyakyusa huleta ndizi na maziwa, jirani Mhindi huleta dali na khichdi, na hakuna anayeuliza nani ni wa dini gani. Lakini methali hiyo ina mpaka wake. Aliyepona si mgonjwa tena. Yeye hupaswa kuulizwa. Na hapo ndipo nyumba nyingi hukwama.

Kabla hatujaingia katika hilo, tukumbuke tumetoka wapi. Robert Koch alitangaza kumgundua mdudu wa kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882, na siku hiyo ndiyo tunayoiadhimisha duniani kila mwaka. Hata hivyo miaka zaidi ya 60 ilipita bila dawa ya kweli. Wazee wetu wanakumbuka habari za Kamala Nehru, mke wa Jawaharlal Nehru, aliyefariki kwa ugonjwa huu mjini Lausanne, Uswisi, mwaka 1936. Alipelekwa Ulaya, mahali palipokuwa na hospitali mashuhuri kuliko zote kwa maradhi ya kifua, na bado hapakuwa na cha kumwokoa. Tiba ya siku zile ilikuwa hewa safi, mapumziko, na kutengwa na watu wa nyumbani.

Mambo mawili yaliyobadilisha hali hiyo yanatuhusu sisi moja kwa moja, kwa kuwa moja lilitoka India na la pili likatoka hapa kwetu Afrika Mashariki.

La kwanza ni la Madras, mji unaoitwa leo Chennai. Mwaka 1956 kilianzishwa huko kituo cha utafiti wa tiba ya kifua kikuu. Vitanda vilikuwa vichache na wagonjwa walikuwa wengi, wengi wao wakiishi katika nyumba finyu zilizojaa watu. Waganga waliwagawa wagonjwa mafungu mawili: wengine walilazwa hospitali maalumu, wakapata chakula kizuri na mapumziko; wengine walitibiwa wakiwa nyumbani kwao. Matokeo yalipotolewa mwaka 1959, ilionekana kwamba waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na wale waliolazwa. Na walipofuatiliwa ndugu waliokuwa wakikaa nao, haikuonekana kwamba walikuwa katika hatari kubwa kuliko ndugu wa wale waliolazwa, kwa sababu hatari kubwa ilikuwa imekwisha kupita kabla ya tiba kuanza. Tangu hapo ilijulikana kwamba dawa zikimezwa ipasavyo, nyumba ya kawaida inatosha kuwa mahali pa kupona.

La pili ni la kwetu. Hadi miaka ya 1960, tiba ilichukua mwaka mmoja au mwaka na nusu, na wengi walichoka njiani. Kuanzia mwaka 1970, wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyoonyesha kwamba tiba yenye dawa mpya ya rifampisini inaweza kukamilika kwa miezi sita. Kisha mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ikishauriwa na daktari Karel Styblo, na utaratibu uliojengwa hapa nchini ukawa mfano uliofuatwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingine nyingi. Kwa hiyo anayemeza dawa leo kwa miezi sita, awe Mbeya, Mumbai au London, ana deni la shukrani kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Leo dawa hizo hutolewa bila malipo. Miezi miwili ya kwanza ni dawa nne, na miezi minne inayofuata ni dawa mbili. Mgonjwa anaweza kuzimeza nyumbani akisimamiwa na mtu wa familia aliyemchagua mwenyewe. Kwa kifua kikuu cha kawaida kisicho sugu, kwa wagonjwa wengi uwezo wa kuambukiza hupungua sana baada ya wiki kama mbili za tiba sahihi. Tena ugonjwa huu husafiri kwa hewa, mgonjwa ambaye hajatibiwa anapokohoa. Hausafiri kwa kikombe, kwa sahani, kwa kupeana mkono, wala kwa nguo.

Hayo ndiyo tunayoyajua. Sasa tuseme yale tunayoyaona.

Tuchukue nyumba moja, ambayo hatutaitaja kwa jina wala kwa mtaa, nayo inafanana na nyingine nyingi. Baba mwenye duka aliugua. Mwana mkubwa aliyekuwa akifanya kazi Iringa akawa anapanda basi kila mwisho wa wiki, mwishowe akarudi Mbeya kabisa kushika duka. Mama akawa ndiye msimamizi wa dawa. Kila asubuhi alihesabu vidonge na kuweka alama kwenye kadi. Mkwe alipika chakula cha peke yake kwa mgonjwa. Bilauri ya chuma ya baba ilifungwa uzi mwekundu ili isichanganyike na nyingine. Mjukuu alikatazwa kumpanda babu magotini. Yote hayo yalifanywa kwa nia njema na kwa uchovu mwingi.

Miezi sita ikatimia. Makohozi yalipimwa mara ya mwisho, yakaonekana safi. Waganga wakaandika kwamba amepona. Familia ikaleta peremende hekaluni, tukafurahi pamoja.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko za ugonjwa. Bilauri yenye uzi mwekundu iliendelea kuwekwa mezani, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa aiondoe. Baba alipokwenda dukani, wauzaji wa jumla walimsalimu yeye kisha wakazungumza bei na mwanawe. Alipopanda ngazi za stoo alihema, akaketi juu ya gunia, na wote wakamkimbilia kwa hofu. Alipokohoa mara moja, nyumba nzima ilinyamaza. Mama aliendelea kuamka usiku kusikiliza pumzi yake. Mwana naye alikuwa na jambo lililomkaa kooni: je, arudi Iringa kwenye kazi yake, au ndiyo maisha yake yamekwisha kuhamia dukani? Kila mtu alimhurumia mwenzake, na kwa kuhurumiana huko hakuna aliyesema neno.

Aliyefungua njia ni mkwe. Jioni moja, wakati wa chai, alimwuliza baba mkwe wake kwa adabu: “Bapuji, sasa wewe mwenyewe ungependa tuishi vipi?” Kwa miezi mingi hakuna aliyekuwa amemwuliza swali kama hilo. Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akajibu. Hakutaka duka lote lirudi mikononi mwake. Nguvu zake alizijua. Alitaka kukaa dukani asubuhi hadi adhuhuri, aonyeshwe hesabu kila jioni, na mwana awe huru kuchagua anakotaka kufanya kazi. Halafu akasema anataka kunywa chai kwa kikombe kama cha watu wengine. Mama aliinuka, akakata ule uzi kwa kisu cha jikoni, akaichanganya bilauri na nyingine. Siku hizi hakuna anayeweza kuitambua.

Ndugu zetu, tumeisimulia habari hii kwa sababu ya swali lile. Tunaposema tumuulize aliyepona, hatusemi tupuuze hali ya mwili wake. Kupona hakumaanishi kwamba mapafu yamerudi kama ya zamani. Kituo cha utafiti wa tiba kilichopo hapa hapa Mbeya, chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kimeshiriki pamoja na vituo vya Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini katika kufuatilia maisha ya watu waliotibiwa kifua kikuu: mapafu yao, kazi zao na mifuko yao. Kazi za aina hiyo zimetufundisha kwamba wengi hubaki na makovu katika mapafu, nayo huwafanya wahema haraka ingawa mdudu amekwisha kufa. Kwa hiyo mtu anayehema kwenye mteremko wa Loleza, au kwenye vilima vya Iringa, huenda ana mapafu yenye kovu tu. Hiyo si sababu ya kumkimbia. Atembee pole pole, aongeze mwendo kidogo kila wiki, apumzike bila kuona aibu.

Moshi ni adui wa mapafu hayo. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, tunapofunga madirisha na kuwasha jiko la mkaa ndani, anayeumia kwanza ni yeye, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa kila mtu. Sigara iondoke kabisa nyumbani. Hata hapa hekaluni, wakati wa havan na ubani, tumekubaliana kuwatengea viti vya karibu na mlango, penye hewa. Kukaa hapo kusichukuliwe kuwa ni kutengwa. Wazee wengine watakaa nao.

Kuhusu kufunga. Tunaheshimu ibada ya Ekadashi na ya Navaratri, lakini mtu anayemeza dawa, au anayejenga upya mwili uliokonda, hana deni la kufunga. Awasikilize waganga wake. Nasi tusiokula nyama tuna chakula cha kutosha cha kujenga mwili: dengu, choroko, maharage, karanga, maziwa na mtindi. Mikoa yetu imejaliwa maharage na maziwa kuliko mingi.

Kikohozi kikirejea kikadumu wiki mbili, au akianza kukonda, kutoka jasho usiku au kupata homa za jioni, aende kupimwa mapema, na asindikizwe kama anavyosindikizwa mtu yeyote. Aliyewahi kuugua anaweza kuugua tena, na hilo halina uhusiano na dhambi wala laana. Watoto wadogo waliokaa na mgonjwa nao wapelekwe kituoni, kwa kuwa ipo dawa ya kuwakinga.

Na msimamizi wa dawa tusimsahau. Aliyehesabu vidonge kwa siku karibu 180 anahitaji naye kupewa likizo. Mwambieni asante kwa maneno. Mpelekeni kwa ndugu zake Iringa kwa wiki moja, alale usiku kucha bila kusikiliza pumzi ya mtu.

Mwisho, tunayo ombi moja kwenu nyote, wanachama na majirani. Mtihani wa jumuiya yetu hauko katika kiasi cha fedha tunachochangia hospitali, ingawa tuendelee kuchangia. Uko hapa, kwenye sahani ya prasada. Aliyepona akisimama mlangoni akigawa prasada kwa mkono wake, je, tutapokea na kula mbele yake, au tutaikunja katika karatasi na kuipeleka nyumbani bila kuigusa? Waganga wamekwisha kujibu swali la hatari. Lililobaki ni la moyo, na moyo hauna maabara.

Leo, baada ya arti, watakaogawa prasada ni watu watatu waliomaliza tiba mwaka huu, ambao wenyewe wameomba kufanya kazi hiyo. Tunawaomba mpange mstari, mpokee kwa mikono miwili, na mle.