Kutoka Smithfield hadi Gulgong: Tukimfuata Malenga

(MLIO WA BASI LIKISIMAMA. MLANGO UNAFUNGUKA. SAUTI ZA NDEGE.)

MTANGAZAJI: Leo kipindi chako cha utalii kimeshukia Smithfield, magharibi mwa jiji la Sydney, Australia. Stesheni ya treni hapa hakuna. Unashuka Fairfield, unapanda basi. Hii ni ardhi ya Wacabrogal wa kabila la Wadarug, waliokuwepo kabla ya mji wowote. Jina la Smithfield lililetwa na wageni, kutoka kwenye soko la mifugo la London.

Ukitembea kwenye barabara ya The Horsley Drive unafika kwenye makumbusho na jumba la sanaa la manispaa ya Fairfield. Humo mna kijiji cha majengo ya zamani, na wanafunzi huletwa kuona maisha ya walowezi. Nje ya uzio, dunia nzima inapita: Waashuri, Wavietnamu, Wairaki. Zaidi ya nusu ya wakazi wa manispaa hii walizaliwa nje ya Australia.

STUDIO: Kaka, tuliahidiwa habari za mshairi. Yuko wapi?

MTANGAZAJI: Dada, yuko jirani. Kilomita chache kuelekea mashariki ni Clyde, palipokuwa na karakana ya mabehewa ya treni ya Hudson Brothers. Mwaka 1883 kijana wa miaka 16 aliitwa na mama yake aje mjini, akaingizwa katika karakana hiyo kujifunza kazi ya kupaka rangi mabehewa. Mchana anashika brashi, usiku anakwenda darasani, na mtihani wa kuingia chuo kikuu hakuupita. Huyo ndiye Henry Lawson.

(MUZIKI MFUPI. UNAFIFIA.)

Alizaliwa tarehe 17 Juni 1867 huko Grenfell, kwenye machimbo ya dhahabu. Baba yake alikuwa baharia wa Norway, na mama yake, Louisa, mwaka 1888 alianzisha gazeti la wanawake liitwalo The Dawn. Henry alianza kupoteza usikivu akiwa na miaka 9. Alipofika 14 alikuwa karibu kiziwi kabisa. Hapo nakuomba utulie, msikilizaji. Mtu huyu hakuweza kusikia vizuri mashairi yake yakighaniwa, na bado aliyatunga kwa mizani inayomkaa mtu kichwani, hata wachunga kondoo na wachimba madini wakayahifadhi bila kitabu.

STUDIO: Kama mashairi yetu ya kughani.

MTANGAZAJI: Hasa! Na walikuwa na malumbano pia. Mwaka 1892, katika gazeti la The Bulletin la Sydney, Lawson alitoa shairi la kuwakemea wanaoisifu nyika bila kuijua: vumbi, ukame, upweke wa wanawake. Akajibiwa na mwanasheria wa mjini, Banjo Paterson, aliyeipenda nyika kwa moyo wote. Wengine wakaingia, gazeti likachemka wiki hadi wiki. Miaka mingi baadaye Paterson alisimulia kwamba wawili hao walikuwa wamepatana kabla, ili wapate kuandika zaidi na kulipwa zaidi. Msikilizaji aliyekulia na majibizano ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na malenga wa Lamu hawezi kushangaa. Ushairi hunoga ukipata mwenzake wa kuujibu.

Lakini mwisho wake Lawson ulikuwa mzito. Pombe ilimshika. Kati ya 1905 na 1909 alifungwa mara kadhaa katika gereza la Darlinghurst, kwa kushindwa kulipa fedha za matunzo ya familia. Mitaani karibu na bandari ya Circular Quay aliwaomba wapita njia senti. Akafa tarehe 2 Septemba 1922, na siku mbili baadaye serikali ikamzika kwa heshima za kitaifa katika makaburi ya Waverley, juu ya bahari. Sanamu yake ikasimamishwa katika bustani ya The Domain mwaka 1931. Mwaka 1966 picha yake ikawekwa kwenye noti ya dola 10. Aliyekosa dola akawa sura ya dola, na jambo hilo linaniuma kila nikilitaja.

(MLIO WA TRENI, KISHA BASI LA MASAFA.)

Serikali hutoa sanamu na noti. Kuyasoma mashairi ni kazi ya watu wenyewe, na kwa hiyo tunakwenda Gulgong, karibu kilomita 300 kaskazini magharibi ya Sydney. Treni inavuka milima ya Blue Mountains hadi Lithgow, kisha basi linapitia Mudgee. Lawson alikulia karibu na hapa, Eurunderee, na majengo ya Gulgong yalikuwa nyuma ya picha yake kwenye ile noti.

Katika barabara ya Mayne Street kuna jumba lililokuwa la Jeshi la Wokovu. Leo ni Kituo cha Henry Lawson, na wanaokiendesha ni chama cha wapenzi wake, Henry Lawson Society of New South Wales. Mezani mna matoleo ya zamani ya vitabu vyake, ukutani picha na barua. Watu wa kawaida wameamua kwamba maneno ya mtu huyu hayatapotea wao wakiwa hai. Grenfell nako, kila Juni tangu miaka ya 1950, mji mzima hufanya tamasha la kumkumbuka. Ukienda, beba sweta nzito. Juni huko ni kipupwe, na usiku baridi ni kali.

STUDIO: Na sisi, kaka?

MTANGAZAJI: Sisi tulikuwa na UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, kilichoongozwa na Mathias Mnyampala. Mashairi ya Muyaka yasingetufikia bila Mwalimu Sikujua wa Mombasa kuyakusanya kutoka vinywani mwa wazee. Lakini mshairi Shaaban Robert, karani wa forodha aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909 na kufariki 1962, watoto wetu wengi humkuta kwenye karatasi ya mtihani tu. Hapo tunamkosea.

Wasikilizaji wa Tanga, chukueni diwani moja, mkeka mmoja na Jumamosi moja kila mwezi. Mtu mmoja aghani, mwingine amjibu. Mkishaanza tuandikieni, nasi tutakuja na kinasa sauti.

(MUZIKI WA KUFUNGIA.)