Mchezo ambao hakuna kartie inayoweza kuucheza peke yake
(Hotuba ya klabu ya vijana kutoka Goma, iliyosomwa Kampala mbele ya wajumbe wa vikundi vya amani)



Tumeombwa kueleza safari yetu ya Idjwi ya Julai 2022, ile ya mashindano ya triatloni ya kupokezana. Wengine kati yenu mmeisikia kama kichekesho: vijana wa Goma waliopakia baiskeli juu ya magunia ndani ya boti ya mizigo, wakaenda kisiwani kushindana kwa siku mbili. Ni kweli ilichekesha. Lakini kuna jambo tuliloliona kule juu ya michezo na amani, nalo ni tofauti kidogo na yale tunayoyasikia katika mikutano ya namna hii.

Kwanza tuseme mchezo wenyewe, kwa kuwa si wote wanaoujua. Triatloni ni michezo mitatu kwa mfululizo: kuogelea, baiskeli, kisha mbio za miguu. Ilianza San Diego, Marekani, mwaka 1974, na iliingia katika Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Mtu mmoja anafanya yote matatu bila kupumzika. Kuna pia ile ya kupokezana. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, timu ilikuwa na wanawake wawili na wanaume wawili, na kila mmoja alifanya yote matatu kwa umbali mfupi kabla ya kumgusa mwenzake ili naye aanze. Sisi tulitumia njia nyingine inayopendwa na klabu ndogo: timu ni watu watatu, mmoja anaogelea, wa pili anaendesha baiskeli, wa tatu anakimbia. Kwa watu wenye pesa wanafunga chipu kwenye kifundo cha mguu na kupeana. Sisi tulikata vipande vya kitenge, tukavifunga mkononi.

Sasa turudi nyuma kidogo. Sisi, kama kila mtu, tulianza na mpira wa miguu. Kwa miaka mingi mashirika yametuletea mipira, jezi na kombe la amani, na tumeshukuru. Lakini angalieni hesabu. Kila kartie ya Goma ina vijana kumi na mmoja wanaojua mpira, na hata ishirini. Kwa hiyo kila kartie inaunda timu yake. Na kwa sababu watu waliokimbia vita wanapenda kukaa karibu na ndugu zao, timu ya kartie mara nyingi inakuwa timu ya kabila, hata kama kwenye jezi imeandikwa amani kwa herufi kubwa. Tuliwahi kuona fainali moja ya amani iliyoisha kwa mawe. Refa alipanda pikipiki na filimbi yake mdomoni. Tulicheka siku ile, ila kesho yake mama mmoja muuza ndizi alikataliwa kupita katika njia aliyoipita kila siku, kwa ajili ya bao.

Kwa triatloni ya kupokezana hesabu ni nyingine. Vijana wa pwani ya ziwa, watoto wa wavuvi, wanaogelea tangu wadogo, lakini wengi wao hawajawahi kumiliki baiskeli. Vijana wa mjini, hasa wale wa chukudu na motari, wanajua barabara, mteremko na breki, ila ukiwaambia waingie majini wanakumbuka kwamba wameacha kitu nyumbani. Na wale waliokuja kutoka milima ya Masisi, waliotembea saa nzima kwenda shule na saa nzima kurudi, hao ndio wakimbiaji. Mtafuteni mtu mwenye yote matatu, hamtampata kwa urahisi. Kartie ya wavuvi haiwezi kuunda timu. Ya motari haiwezi. Ya waliohama haiwezi. Ili ushindane tu, hata bila kushinda, lazima uende kumtafuta mtu wa upande mwingine na umwombe.

Hapo hatukuhitaji kuhubiri. Tuliwapima vijana kwa saa mwezi wa tano, kila mmoja katika mchezo wake, tukapanga timu nne kwa kufuata saa. Makabila yalichanganyika yenyewe.

Kisha mambo yakaharibika. Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ilishikwa na M23. Mnajua Goma ilivyokuwa wiki zile: maandamano, maneno makali kwenye simu, watu kusimamishwa barabarani na kuulizwa lugha ya mama zao. Hatutataja makabila hapa, mnayajua. Ndani ya klabu yetu vijana wawili walijiondoa kwenye kundi la WhatsApp. Mzazi mmoja alikuja kutuambia kwamba mtoto wake hapandi boti moja na watu fulani. Wengine, kwa nia nzuri, walipendekeza tupange timu upya ili kila mtu awe na watu wake, halafu tutachanganyika siku nyingine, hali ikitulia.

Tulikaa jioni mbili tukijadili hilo. Jibu la kikao lilikuwa fupi: timu hazipangwi upya. Asiyetaka kwenda na timu yake abaki nyumbani, hakuna atakayemlaumu, lakini akibaki yeye, wenzake wawili nao wanabaki. Timu moja ilibaki hivyo. Watatu wale walikasirika sana, na mkimbiaji wao hakutusalimu kwa miezi. Timu tatu zilikwenda, watu tisa, pamoja na papa mmoja mvuvi aliyetusimamia na mama mmoja aliyeangalia chakula na mabinti.

Katika timu ya tatu kulikuwa na tatizo tulilolijua. Baiskeli ilikuwa ya kijana motari ambaye familia yake ilipoteza watu upande wa Rutshuru. Mkimbiaji alikuwa binti ambaye lugha ya nyumbani kwake ndiyo ile iliyokuwa ikiulizwa barabarani. Bandarini, mbele ya wote, yule kijana alisema ataendesha baiskeli kwa sababu ameahidi, ila kitambaa atakitupa chini, binti akiokote mwenyewe. Binti alisikia. Alipanda boti akakaa mbele kabisa, karibu na maji.

Kuhusu maji tuseme kidogo, kwa kuwa klabu nyingine zinatuuliza. Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na linafika kina cha zaidi ya mita 470. Kule chini kuna gesi nyingi, lakini hewa hiyo iko kilindini, haimsumbui mwogeleaji wa juu. Mamba hakuna. Hatari zake ni pamoja na upepo na watu kutojua kuogelea. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe na watu wengi sana walikufa. Oktoba 2024 nyingine ikazama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiangalia kutoka ufukoni. Idjwi kwenyewe kuna wajane wengi ambao waume zao walizama usiku wakivusha kahawa kwenda Rwanda kutafuta bei nzuri. Kwa hiyo hatukuchezea. Njia ya kuogelea ilikuwa mita 500 sambamba na ukingo, mahali ambapo mtu anaweza kutoka na kusimama. Mitumbwi mitatu ilisindikiza, kila mmoja na jile za ziada. Tulianza saa moja na nusu asubuhi, kabla ya upepo. Papa wetu mvuvi alikataa kabisa saa tatu, ingawa wenyeji walitaka watu wengi waje kuangalia, na tulimtii.

Wenyeji walitupokea vizuri mno. Kisiwa kile kimepita vita hizi zote bila kupiganiwa kama bara, na watu wake wanaliona hilo kama mali. Ijumaa usiku tulikula ugali wa muhogo, sombe na sambaza, na mananasi ambayo hatujayaona Goma kwa utamu ule. Mzee mmoja alituchekesha kwa kusema hata sambaza si mwenyeji, aliletwa kutoka Tanganyika miaka ya 1950, lakini hajawahi kuulizwa hati zake. Wote walicheka. Binti yetu alicheka kidogo.

Jumamosi zilianza timu nane, tano za kisiwani na tatu zetu. Mita 500 za maji, kilomita 12 za baiskeli kwa barabara ya udongo yenye vilima, kilomita 5 za miguu. Waogeleaji walitoka karibu pamoja. Binti mmoja wa Idjwi aliyevaa tisheti na kaptula aliwaacha wanaume wote, na mama zake wakapiga vigelegele mpaka wakasahau kwamba usiku uliopita walikuwa wakibisha asiingie majini.

Timu ya tatu ilikuwa ya nne kutoka majini. Kwa baiskeli mambo yakawa mabaya. Mnyororo wa motari wetu ulikatika kilimani, kilomita kama nne kabla ya kufika. Timu nyingine zilibadilishana, wakimbiaji wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Binti alibaki peke yake kwenye mstari wa chokaa. Watu wa kijiji walimhurumia. Wakamwambia: dada, wewe kimbia tu, wenzio wamekwisha kwenda, kitambaa kitu gani? Mmoja wa waamuzi naye alisema anaweza kumruhusu. Alikataa. Alisema bila kitambaa atakuwa anakimbia kwa ajili yake mwenyewe, naye hakuja Idjwi kwa ajili hiyo. Alisimama pale zaidi ya nusu saa, jua likiwa limeanza kuchoma.

Kijana alikuja akisukuma baiskeli, miguu imejaa udongo, nadhani alijua anayemngoja ameshaondoka. Alipomwona alisimama. Halafu alifungua kitambaa mkononi mwake. Lakini kitambaa kilikuwa kimelowa maji na jasho, na mtu hawezi kujifunga fundo la namna ile kwa mkono mmoja. Alimfunga yeye. Ilichukua muda, kwa sababu vidole vilikuwa na grisi na vilitetemeka. Hakuna aliyesema neno. Kisha binti alikimbia kilomita zake tano peke yake barabarani, watoto wakimfuata, na timu ikamaliza ya nane kati ya nane.

Tungependa kuwaambia kwamba jioni ile walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Wakati wa chakula binti alimwambia: minyororo inapakwa mafuta siku ya kabla. Yeye akajibu: najua. Hayo ndiyo mazungumzo yao yote tuliyoyasikia wikendi ile, nasi tunayahesabu kuwa mengi. Jumapili, baada ya ibada, tulirudi. Kwenye boti alikaa karibu na mbele, si mbele kabisa, na wale watatu walikuwa wakigawana nanasi.

Tunajua swali litakaloulizwa: je, hii inazuia vita? Hapana. Vita yetu ina mizizi yake katika ardhi, madini, uraia, majeshi na majirani, na hakuna kitenge kitakachoifunga. Yeyote anayewaandikia wafadhili kwamba michezo imeleta amani Kivu anawadanganya. Tunachoweza kusema ni kidogo zaidi, na tumekiona. Mwisho wa Januari 2025, Goma iliposhikwa na M23, maji na umeme vilikatika, simu zilikuwa za shida, na kila mtu alikimbia anakojua. Klabu ilitawanyika: wengine wako Bukavu, wengine Bujumbura, sisi tuko hapa Kampala. Mitandao iliporudi, vijana hawakutafutana kwa kartie wala kwa kabila. Walitafutana kwa timu. Ujumbe wa kwanza kutoka kwa yule motari ulikuwa na maneno manne: wa tatu yuko wapi? Binti alikuwa salama, kwa shangazi yake. Mwogeleaji wao naye alipatikana baada ya siku kumi na moja.

Kati ya wale tisa wa Idjwi, wanane tunajua waliko. Mmoja, mkimbiaji wa timu ya kwanza, hatujampata mpaka leo. Wenzake wawili bado wanampigia kila Jumamosi asubuhi. Kama kuna mjumbe hapa anayefanya kazi ya kuunganisha familia, tunaomba tuzungumze naye kabla hajaondoka. Picha na habari zake tunazo.

Kwa klabu zinazotaka kujaribu hapa Uganda au Burundi, gharama kubwa ni jile na usafiri, si baiskeli, baiskeli mnaazima. Tafuteni mvuvi mzee na mfuate saa yake. Msipange timu kwa orodha ya makabila mkitafuta uwiano, vijana watanusa mara moja. Pangeni kwa saa. Mabinti waulizwe wao wenyewe na mama zao mapema kuhusu mavazi ya majini. Na leteni mnyororo wa akiba.

Maswali mengine tutayajibu wakati wa chai.