Chatu Alishwe Mnyama wa Ukubwa Gani?

Leo wekeni kalamu na daftari karibu, kwa maana tutapima na kugawanya. Lakini hatutapima shamba wala magunia ya mahindi. Tutapima chakula cha nyoka.

Huenda baadhi yenu mnacheka. Watu wa Tabora hawatacheka sana. Katika Unyamwezi na Usukuma wamekuwapo tangu zamani mafundi wa nyoka waitwao Wayeye. Wao huwakamata nyoka, huwafuga, hucheza nao ngoma, na huwatibu watu walioumwa. Bwana Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, aliandika habari za chama chao mwaka 1946. Na katika sikukuu ya Bulabo, huko Bujora karibu na Mwanza, watu hujaa kuwatazama wachezaji waliobeba chatu.

Basi watazamaji hupenda sana kuona chatu akimeza kitu kikubwa, na mwenye nyoka hupenda kuwafurahisha. Hapo ndipo chatu anapoumizwa. Mdomo wake hutudanganya. Taya lake la chini halikuungana kwa mbele kama letu. Pande zake mbili zimeshikwa na kano inayovutika. Ngozi nayo hutanuka. Kwa hiyo ukimwona amemeza, usiseme, "Ameweza." Kumeza ni mwanzo tu wa kazi. Kazi yenyewe iko tumboni, nayo huchukua siku nyingi. Wataalamu waliowapima chatu wa Asia waliona kwamba baada ya mlo mkubwa moyo wa nyoka hukua kwa kiasi cha sehemu 40 katika 100, kwa muda wa siku mbili tu. Fikiri ni kazi gani hiyo, hata moyo unalazimika kukua!

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia nyingine. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo alipimiwa mzigo kabla ya kuondoka, nao uliweza kufika frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kijana mwenye nguvu angeweza kuinua zaidi mbele ya wenzake wakampigia makofi. Lakini kuinua si kuchukua. Safari ilikuwa ya miezi, na mzigo uliozidi ulimwangusha mtu porini, mbali na wale waliompigia makofi. Chatu naye ni hivyo hivyo.

Sasa tupime. Chukua uzi. Uzungushe mwilini mwa chatu mahali palipo panene kuliko pote, siku ambayo tumbo lake ni tupu. Tia fundo kuonyesha mwisho. Halafu zungusha uzi huo huo katika panya au kifaranga unayetaka kumpa, mahali pake panene. Kama uzi unakutana, au umepungua kidogo sana, mnyama huyo anafaa. Kama umepungua kwa zaidi ya robo ya urefu wake, mnyama ni mkubwa mno, tafuta mwingine. Kichwa cha chatu usikitazame, maana ni chembamba nacho kitakudanganya tena.

Mwenye mizani atapima vizuri zaidi. Chatu mchanga, ambaye akitoka katika yai huwa na nusu mita hivi, anakua haraka. Mpe kila juma chakula chenye uzito wa sehemu 10 katika 100 za uzito wake, na kisipite sehemu 15. Chatu mzima sehemu 5 zamtosha, naye anaweza kungoja majuma mawili, matatu, hata manne. Tufanye hesabu. Chatu mchanga ana kilo 2, yaani gramu 2,000. Gawanya kwa 10. Jibu ni gramu 200, nao ni uzito wa panya mkubwa wa nyumbani. Panya buku hupita kilo moja. Huyo ni nusu ya chatu wako! (Tena panya buku wana kazi nyingine: huko Morogoro hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini.)

Mwanafunzi mmoja atauliza, "Mbona chatu wa porini humeza swala mzima?" Ni kweli. Lakini yule wa porini huota jua anapotaka, hujificha shimoni, wala hakuna anayemwinua na kumchezesha. Na hata yeye hukosea. Mwaka 2015 huko Afrika Kusini chatu wa karibu mita 4 alikutwa amekufa baada ya kumeza nungu mwenye kilo 13 na zaidi.

Joto ni jambo kubwa. Nyoka hana moto ndani ya mwili kama sisi. Hupata joto kutoka nje, na bila joto tumbo halisagi. Tabora iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba una baridi. Mnyama mkubwa akikaa katika tumbo baridi huoza kabla ya kusagwa, na chatu humtapika. Basi wakati wa kipupwe mpe mnyama mdogo kuliko kawaida, au usimpe kabisa mpaka banda lipate joto. Akiisha kula, usimshike kwa siku mbili, na zaidi kama alikula sana. Ngoma ingoje. Akitapika, usimlishe tena upesi kwa huruma. Mpe maji, mwache siku 10 mpaka 14, kisha uanze na mnyama wa nusu ya ukubwa wa kawaida.

Mpe mnyama aliyekwisha kufa. Panya mzima akifungiwa na nyoka asiye na njaa humwuma, na vidonda huoza. Lakini asiwe panya aliyekufa kwa sumu. Sumu ile humfikia na nyoka. Mshike panya kwa koleo refu, si kwa vidole, na kama umetoka kushika kuku nawa mikono kwanza, kwa sababu chatu hufuata harufu. Chatu aliyepita mita mbili na nusu asilishwe na mtu mmoja peke yake. Banda lifungwe kwa kufuli. Mwaka 2013 huko Kanada chatu wa Afrika alitoroka usiku katika banda lake akawaua watoto wawili waliolala. Nyoka wa sumu, kama swila na koboko, simo katika maneno yao leo; waachieni wenye ujuzi.

Tena, usiende porini kumkamata chatu kwa sababu umesoma somo hili. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Afisa wa wanyamapori wa wilaya yako atakueleza.

Sasa fanyeni zoezi hili katika daftari. Chatu mchanga ana kilo 3. Mwenyewe ameletewa wanyama watatu: kifaranga wa gramu 40, panya wa gramu 280, na sungura wa kilo moja na nusu. Ampe yupi? Je, kama ni usiku wa baridi wa mwezi wa saba? Andikeni majibu, na hesabu zenu zionekane.