Mkate Juu ya Makaa
Somo: 1 Wafalme 19

 

Leo tunataka kusema juu ya mtu aliyechoka. Hatusemi juu ya mvivu. Twasema juu ya yule afanyaye kazi ya Mungu mpaka nguvu zake zinakwisha, naye aona haya kusema.

Wakati wa likizo, sisi rafiki saba wa kanisa moja tulikwenda kupiga kambi katika hifadhi ya Shimba Hills. Tulipanda matatu pale Ukunda, tukapinda Kombani, tukapanda kilima hadi Kwale. Mizigo yetu ilikuwa turubai, kamba, sufuria mbili, unga, mihogo, nazi, na samaki wakavu kutoka Msambweni. Kuni tulinunua mjini, maana hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1968, si mahali pa kuokota kuni. Hata sisi wa pwani ya kusini twalijua jambo hilo tangu zamani. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, wazee wa Kidigo hawaruhusu mtu atoke na kijiti kikavu. Imani yetu si ile ya kaya, lakini adabu hiyo ni njema, kwa kuwa msitu una Mwenyewe.

Kazi za kambi ni chache, nazo zapendeza. Huyu akaza kamba za turubai, huyu apanga mafiga, huyu akuna nazi. Unga tulikanda kwa maji na chumvi, tukaweka vipande juu ya makaa, tukapangusa majivu, tukala. Mchana tulimwona palahala, yule mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, ambaye katika Kenya yote anapatikana huko Shimba tu. Usiku tulisikia ndovu wakivunja matawi kwa mbali, tukasogea karibu na moto.

Basi usiku wa pili, mihogo ikiwa majivuni, mmoja wetu alianza kusema. Yeye ni mwalimu, na kwa ruhusa yake twawaeleza haya. Mkewe alifariki mwaka uliotangulia. Baada ya mazishi hakukosa hata Jumapili moja. Alifundisha watoto, aliimba kwaya, alitembelea wagonjwa, na watu walimwita shujaa. Usiku ule alisema, akitazama moto, kwamba kwa miezi mingi hakuweza kuomba, na kwamba mara nyingine alitamani asiamke.

Hakuna aliyemhubiria. Mmoja alimwongezea chai. Mwingine alimfunika shuka mabegani. Tulikaa naye mpaka usingizi ukamchukua, na asubuhi tulimwacha alale hata jua likapanda juu ya miti. Alipoamka, mkate ulikuwa juu ya makaa.

Ndugu msikilizaji, fungua Biblia yako usome habari za Eliya. Alikuwa ametoka kushinda vita vikubwa juu ya mlima Karmeli. Ndipo Yezebeli akamtishia, naye akakimbia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Je, Mungu alimkemea? La. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate uliopikwa kwa makaa, na maji ya kunywa. Alimlisha mara mbili kabla ya kumwuliza neno lo lote. Kisha, huko Horebu, alimwonyesha kwamba hakubaki peke yake, akampa Elisha wa kusaidiana naye.

Mpangilio huo ni wa Mungu mwenyewe: usingizi kwanza, chakula, halafu maneno, halafu msaidizi. Sisi wanadamu hupenda kuanza na maneno.

Kwenye vilima vile vya Shimba zipo chemchemi za Marere, ambazo maji yake huteremshwa kwa mabomba mpaka Mombasa. Mtu afunguaye mfereji mjini hauoni msitu ule, wala ukungu utokao baharini ukatua juu ya miti. Lakini msitu ukifa, mfereji nao utakauka. Vivyo hivyo mtumishi wa Mungu. Watu huona maji yakitoka, wasijue kama chemchemi ingali hai.

Yule mwalimu bado ana huzuni. Mtu hamalizi msiba kwa siku tatu za kambi. Lakini alituomba tumshikie darasa lake la Jumapili kwa muda, nasi tulipanga zamu. Sasa jioni hukaa na watoto wake, na ameanza tena kuomba, maneno machache tu.

Je, katika kanisa lako, ni nani ambaye kila mtu humwita shujaa? Juma hili nenda kwake. Usiende na mahubiri. Nenda na chakula, umsaidie kazi moja, ukae umsikilize. Na kama mchovu ni wewe, usione haya. Mwambie ndugu mmoja unayemwamini, leo, kabla jua halijatua.

Na tuombe. Ee Baba, uliyemlisha Eliya chini ya mti, watazame watumishi wako waliochoka. Wape usingizi, wape mkate, wape rafiki. Nasi utufanye kuwa rafiki hao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.