Historia Yetu Isianzie kwa Mgeni

(Hotuba ya katibu mwenezi mbele ya wanachama na wapenzi wa Chama, Kilwa Kivinje)



Leo hatukuja kuomba kura wala kukusanya ada. Tumekuja kuzungumza habari za vitabu vya watoto wetu. Wako watakaosema kwamba siasa ni siasa na daftari la shule ni daftari la shule. La hasha! Mwenye kushika kitabu cha historia ameshika fikira za mtoto, na mtoto huyo ndiye diwani na mwalimu wa kesho.

Tutaanza mbali, Marekani, kisha tutarudi hapa hapa Kivinje.

Ndugu zetu weusi wa Marekani waliishi chini ya utumwa mpaka mwaka 1865. Katika majimbo mengi ya kusini sheria ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma. Utumwa ulipokomeshwa shule zilifunguliwa, lakini vitabu vilivyoingia humo viliandikwa na watu wa upande mwingine. Mtoto mweusi alisoma kwamba babu yake alikuwa mtu mvivu na mwenye furaha shambani, asiyekuwa na lolote kabla ya kupakiwa merikebuni.

Akatokea mtu mmoja, Carter G. Woodson. Alizaliwa mwaka 1875, na wazazi wake walikuwa wamepitia utumwa. Alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe, akaingia sekondari akiwa na umri wa miaka 20, na mwaka 1912 akapata shahada ya udaktari wa historia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Hakuikalia shahada yake. Mwaka 1915 aliunda chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi, na Februari 1926 akaanzisha Juma la Historia ya Watu Weusi. Na walioibeba kazi hiyo ni nani? Ni walimu wa kawaida, katika shule zilizotengwa, zenye vitabu vichakavu vilivyoachwa na shule za wazungu. Hawakungoja amri ya serikali. Ilipofika mwaka 1976, Juma lile lilikuwa limekwisha kuwa Mwezi mzima, na Rais wa nchi akalitambua.

Lakini msidhani vita vile vimekwisha. Katika mji wa Tulsa, mwaka 1921, umati wa wazungu uliuteketeza mtaa wa Greenwood, mtaa wa watu weusi wenye maduka na mali zao. Kwa miaka mingi mtoto wa Tulsa aliweza kuanza shule na kuimaliza bila kulisikia jambo hilo darasani. Na mwaka 2023, wakuu wa jimbo la Florida walilikataa somo jipya la historia ya watu weusi katika shule za sekondari. Mwaka huo huo wakapitisha mwongozo unaosema kwamba watumwa walijifunza kazi za ufundi ambazo mara nyingine ziliwafaa wenyewe. Ndugu zangu, hiyo ni sawa na kumwambia mtu aliyeibiwa ng'ombe kwamba amshukuru mwizi kwa kumpunguzia kazi ya kuchunga.

Mmecheka, nanyi mna haki ya kucheka. Lakini sasa tugeuke tujitazame sisi wenyewe.

Mnamo Julai 4, 1776, Wamarekani walitangaza uhuru wao, wakaandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Miezi miwili tu baadaye, Septemba mwaka huo huo, Mfaransa mmoja aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa. Mkataba ulisema Mfaransa huyo apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu wale walipelekwa hasa katika mashamba ya visiwa ambavyo leo twaviita Morisi na Reunion. Basi habari ya mtu mweusi ng'ambo si habari ya watu wengine. Kilwa imo ndani yake. Twauliza: mtoto gani wa Kilwa ameambiwa mambo ya mwaka 1776 yaliyotokea mlangoni pake?

Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mwalimu ana kipindi cha dakika 40, ana watoto wengi, na mtihani uko mbele yake. Mtoto anakariri: Vasco da Gama, Karl Peters, Mkutano wa Berlin 1884 hadi 1885. Anakariri, anashinda, anasahau. Mabwana hao wote walikuja kwa merikebu au walikaa mezani Ulaya. Ni kana kwamba pwani hii ilikuwa imelala, ikaamshwa na mgeni aliyebisha hodi.

Mwaka 1963 profesa mmoja wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alisema kwamba Afrika haina historia ya kufundisha, ila historia ya Wazungu waliofika Afrika. Kwingine kote ni giza. Twamwomba msomaji wa maneno hayo apande mashua avuke mpaka Kilwa Kisiwani. Miaka ile ile profesa alipokuwa akisema giza, wachimbaji wa mambo ya kale, chini ya Neville Chittick, walikuwa wakifukua kisiwa kile. Huko uko Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa katika karne ya 11 na kupanuliwa katika karne ya 14. Iko Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu mji. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, na sarafu ya sultani huyo imeonekana mpaka Zimbabwe Kuu. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia. Mreno hakukuta giza hapa. Alikuta taa, na mnamo Julai 1505 watu wa Francisco de Almeida wakauteka mji na kuupora.

Liko na jambo la pili. Kitabu cha kale cha habari za Kilwa kinasimulia kwamba mwana wa mfalme wa Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo. Masimulizi hayo ni ya wazee wetu, nasi hatuyatupi. Lakini mkoloni aliyachukua akayageuza: kila ukuta wa mawe akaupa mgeni, na Mwafrika akabakiziwa kazi ya kubeba mawe. Baadaye wataalamu, na miongoni mwao Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionyesha kwa vyungu na chuma kwamba mizizi ya miji hii imo katika vijiji vya wakulima, wavuvi na wahunzi wa pwani yenyewe. Na mwaka 2023 wachunguzi wa chembe za urithi walitoa matokeo ya mifupa ya kale kutoka makaburi ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Waliona kwamba upande wa akina mama ulikuwa karibu wote wa Afrika, na upande wa akina baba ulikuwa na damu nyingi ya Uajemi. Hivyo masimulizi yana kweli ndani yake, lakini yalimsahau mama. Mgeni alikuja, akapokewa, akaoa, akawa mtu wa hapa. Mji ulikuwa na wenyewe.

Tutoke Kisiwani twende Nandete, katika vilima vya Umatumbi, humu humu wilayani. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete waliing'oa pamba ambayo Wajerumani waliwalazimisha kuilima. Moto ule ukaenea kusini yote. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa maji, alinyongwa Mohoro Agosti 4, 1905, wakati vita ndiyo kwanza vinaanza. Wajerumani wenyewe walikisia waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alihesabu kuwa ni kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa makusudi. Mwaka 1956 Julius Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa kudai uhuru, vita hivi alivitaja. Na Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi.

Sasa sikilizeni jinsi habari hii ilivyookolewa. Mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, aliitungia utenzi muda mfupi baada ya vita, kwa lugha yetu. Na mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini na madaftari kuwauliza wazee walioviona vita kwa macho yao. Laiti wangechelewa miaka 20, wazee wale wangekuwa wamekwenda na maneno yao. Kazi ya Woodson ilifanyika hapa pia, na waliofanya ni vijana wetu.

Watu wa Lindi nanyi msikae pembeni. Katika jumba la makumbusho la Berlin umesimama mjusi mkubwa wa kale, na watu hulipa kiingilio kumwona. Mifupa yake ilitoka Tendaguru, ikafukuliwa kati ya 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba mifupa ya Tendaguru vichwani mpaka bandari ya Lindi. Vitabu viliandika majina ya mabwana wataalamu. Lakini msimamizi wa mafundi alikuwa Boheti bin Amrani. Jina hilo nalo liandikwe ubaoni.

Ndugu wananchi, mpaka hapa maneno yetu yamekuwa matamu. Sasa tutasema yaliyo machungu, maana msema kweli hachagui ukurasa.

Mji huu wa Kivinje, katika karne ya 19, ulikuwa bandari kubwa ya watumwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Hesabu za forodha ya Unguja zaonyesha kwamba kati ya 1862 na 1867 watu zaidi ya 90,000 walipakiwa kutoka Kilwa. Wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa. Mwenye fedha alikuwa Unguja na ng'ambo, mnunuzi alikuwa Mwarabu na Mfaransa, lakini aliyewashika na kuwaleta mara nyingi alikuwa mtu mweusi kama sisi. Tunamheshimu Hassan bin Omari Makunganya, aliyempinga Mjerumani akanyongwa hapa mwaka 1895. Tumheshimu. Lakini alikuwa pia mtu wa misafara, na katika misafara ile watumwa walikuwamo. Shujaa hapungui kwa kusemwa kweli. Anayepungua ni mwalimu anayeificha.

Kwa nini twayasema haya mbele ya wazee? Kwa sababu mpaka leo, watu wakigombana, wako wanaotajiana asili kwa matusi. Huyu mjukuu wa mtumwa, yule mjukuu wa muuzaji. Jambo lisilofundishwa mchana darasani hunong'onwa usiku barazani, na mnong'ono hugeuka sumu. Twawalaumu wakuu wa Florida kwa kuupaka utumwa sukari. Kama sisi tutaung'oa ukurasa wa Kivinje kitabuni, tutakuwa na tofauti gani nao? Wazee husema mwacha asili ni mtumwa. Nasi twaongeza: asili ni pamoja na doa lake. Mjukuu wa aliyeuzwa na mjukuu wa aliyeuza wakae dawati moja, wasome ukurasa mmoja, watoke wakiwa raia wa nchi moja. Huo ndio umoja wa kweli.

Katika mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 limewekwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Jambo hili ni jema, nasi twalipokea. Lakini somo ni chungu tu. Kitakachopikwa ndani yake chategemea sisi. Basi tunaagana kwa kazi tatu.

Kwanza, kila tawi liwe na daftari. Vijana wawaendee wazee, waandike jina la msimulizi, kijiji, tarehe na maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Mambo ya njaa, ya pamba, ya mkonge, ya utumwa, yote.

Pili, wazazi na walimu washikamane ili mtoto wa wilaya hii asimalize darasa la saba bila kukanyaga Kilwa Kisiwani, na asiyeweza kufika Nandete apelekewe mzee wa Nandete darasani. Nauli ya mashua tutaichanga. Tumewahi kuchanga kwa mambo madogo kuliko hilo.

Tatu, tusimwachie mtu yeyote, awe mtawala au awe kiongozi wa Chama chetu wenyewe, kuchagua ukurasa upi usomwe na upi ufichwe. Tukikubali leo kukatwa ukurasa unaotuumiza sisi, kesho hatutakuwa na kinywa cha kuutetea ule unaowaumiza waliotutawala.

Woodson hakuwa na serikali nyuma yake. Alikuwa na walimu, na walimu walikuwa na chaki. Sisi leo tuna nchi, tuna lugha moja, tuna shule, na magofu yako mlangoni petu yanangoja kusomwa. Hatuna udhuru.

Uhuru na Umoja!