Cheo ni Dhamana: Kisa cha Ruth Simmons

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana baada ya futari)



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mliofika, sitasema mengi kwani tarawehe iko karibu.

Wengi wetu tukisikia uongozi twafikiria kiti, gari na mlinzi mlangoni. Leo nataka niwape kisa cha mama mmoja wa Marekani, Ruth Simmons. Kule mkuu wa chuo kikuu huitwa rais. Hapa kwetu kazi hiyo ni ya naibu chansela.

Alizaliwa mwaka 1945 Grapeland, Texas, kitinda mimba katika watoto 12. Babake alilima ardhi ya mtu na kugawana mavuno na mwenyewe. Walipohamia Houston, mamake alifanya kazi katika nyumba za watu. Ruth alifiwa na mamake akiwa na miaka 15. Hebu fikirini, mtoto kama huyo kwetu angeambiwa nini? "Basi, shule ishaisha." Lakini walimu wake walimshika mkono, akapata msaada wa masomo akaingia Chuo Kikuu cha Dillard. Mwaka 1973 akapata shahada ya udaktari kutoka Harvard. Mwaka 1995 akawa rais wa Chuo cha Smith, na 2001 rais wa Chuo Kikuu cha Brown, Mweusi wa kwanza kuongoza chuo chochote kati ya vile 8 viitwavyo Ivy League.

Sasa sikizeni vizuri. Mtu mwingine angekaa kimya, ale cheo chake kwa raha. Yeye mwaka 2003 aliunda kamati ichunguze uhusiano wa chuo chake na utumwa. Wako waliouliza, ya nini kufukua ya kale? Ripoti ikatoka 2006. Chuo kilianzishwa 1764, na mwaka huo huo meli iitwayo Sally, mali ya ndugu wa ukoo wa Brown, ukoo ambao chuo kina jina lake, ilikwenda Afrika Magharibi kununua watu. Walinunuliwa 196. Waliokufa si chini ya 109.

Baada ya ripoti, chuo kilianzisha mfuko wa kusaidia watoto wa shule za umma za mji wa Providence. Tena katika uongozi wake, Mmarekani anayeomba nafasi akawa haangaliwi kama ana karo au hana.

Aliondoka Brown 2012. Mwaka 2017, keshastaafu, akarudi kazini kuongoza Prairie View A&M, chuo cha Weusi kwao Texas, mpaka 2023.

Vijana, hapa Mombasa kila siku twapita Kengeleni, Frere Town, walikopewa makao watumwa waliokombolewa miaka ya 1870. Ni nani kati yetu aliyewahi kumuuliza babu yake habari za pale? Nanyi kesho mtapewa vyeo, vya chama, vya ofisi, hata vya nyumbani. Siku hiyo, swali gumu lianzie kwenye nyumba yako mwenyewe, kabla ya ya jirani.