NJIA ILE ILE YA KILA SIKU
Maneno ya mazungumzo ya Afisa Habari mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa Sumbawanga



Awali ya yote natoa shukurani zangu za dhati kwa kunipa nafasi hii. Nimetakiwa nizungumze juu ya usalama barabarani. Sikusudii kuzungumzia safari ndefu za mabasi yaendayo Mbeya na Dar es Salaam, kwani huko kila mmoja wetu huenda na hadhari zake. Nakusudia kuzungumzia safari ile fupi ambayo hata hatuiiti safari: kutoka nyumbani kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni.

Ndugu wasikilizaji, wapo wasemao kuwa ajali haina kinga. Kauli hii imezoeleka misibani, nayo inafaa kumliwaza mfiwa. Lakini si kauli ya kuanzia safari. Mwenye kuitia ufunguoni wakati anawasha gari ameshajivua dhamana kabla hajaondoka. Wahenga hao hao ndio waliotuambia kuwa tahadhari huja kabla ya hatari, na ya kwamba mazoea yana taabu.

Naomba niseme jambo langu mwenyewe, maana si vyema kumwonya mwenzio kwa kosa lisilo lako. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiingia mjini kwa njia ya Ntendo. Asubuhi moja ya mwezi Juni niliondoka nyumbani fikra zangu zote zikiwa kwenye taarifa niliyotakiwa kuiwasilisha ofisini. Mbele yangu palikuwa na mkokoteni wa maksai umebeba magunia. Nikatoka kuupita kama nilivyopita mikokoteni mingi kabla yake. Mara akatokea mtoto wa shule upande wa pili wa mkokoteni, sweta lake la buluu limefanana na giza lile la alfajiri. Nilikanyaga breki, na gari lilisimama hatua mbili kutoka alipokuwa. Mtoto yule aliniangalia, akasema, "Shikamoo," kisha akavuka akaenda zake. Ndugu zangu, sikuweza kumwitikia. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka juu ya usukani. Nilipojiuliza nimepita wapi kutoka nyumbani hadi pale, sikukumbuka hata kilomita moja. Nilikuwa nimeendesha gari, lakini sikuwa nikitazama.

Hiyo ndiyo khatari ya njia iliyozoeleka. Dereva mgeni huogopa kila kona, hupunguza mwendo na kusoma kila kibao. Dereva mwenyeji anajua kona iko wapi, kwa hiyo haitazami tena. Huona kile alichokiona jana. Ilhali barabara ya leo si ya jana. Jana mkokoteni haukuwepo, na mtoto alipita dakika tano baadaye.

Aidha, uwanda wetu wa Ufipa una mambo yake ambayo yafaa tuyajue.

Jambo la kwanza ni saa. Saa ya Tanzania nzima imepangwa kwa kufuata mstari wa longitudo 45, ulioko mbali mashariki, baharini. Sumbawanga iko karibu na longitudo 32. Kwa hiyo jua linapochomoza Unguja au Dar es Salaam, sisi tunabaki gizani kwa takriban nusu saa zaidi. Miezi ya Juni na Julai jua halichomozi hapa mpaka saa moja ya asubuhi imetimia. Lakini kengele ya shule haingojei jua. Matokeo yake ni kwamba watoto wetu hutembea kando ya lami wakati ambapo dereva hawaoni vizuri, nao hudhani kuwa kwa kuwa wanaziona taa za gari, basi na mwenye gari anawaona.

Jambo la pili ni jua lenyewe. Atokaye upande wa Ntendo asubuhi huingia mjini akielekea mashariki-kusini, na jioni hurejea akielekea magharibi-kaskazini. Jua linapokuwa chini humpiga usoni mara mbili kwa siku. Kioo chenye vumbi huzidisha upofu huo. Kitambaa na maji kidogo kila asubuhi ni kazi ya dakika mbili.

Jambo la tatu ni ukungu na mvua. Uwanda huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya masika wingu hushuka likalala juu ya barabara. Lami iliyoanza kuloa huteleza, kwani maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika. Hapo breki ya ghafla haisaidii. Kinachosaidia ni kupunguza mwendo mapema na kuwasha taa ndogo, si taa kali ambazo ukungu hurudisha mwanga wake machoni mwako.

Jambo la nne ni lami. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa lami kwa msaada wa Marekani kutokana na mkataba uliotiwa saini mwaka 2008. Wazee mliopo hapa mnakumbuka safari iliyokuwa ikimaliza mchana mzima, na wakati wa mvua hata na usiku. Leo watu wa Laela na Mpui huja mjini na kurudi siku hiyo hiyo. Ni neema kubwa. Lakini zamani mashimo ndiyo yaliyokuwa yakituzuia kukimbia. Sasa mashimo yameondoka, na kizuizi kilichobaki ni akili ya dereva peke yake.

Hebu tufanye hesabu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde moja. Dereva aliye macho huhitaji kiasi cha sekunde moja na nusu tangu aone khatari mpaka mguu wake ukanyage breki. Katika muda huo gari limeshakwenda mita 33, na breki ndiyo kwanza inaanza kazi. Akiwa anatazama simu, mita hizo huongezeka zaidi. Na anayekimbilia kilomita 100 kwa saa badala ya 80, katika njia ya kilomita 20, hupata faida ya dakika tatu tu. Nawaulizeni, ndugu watumishi: ni taarifa gani ya ofisini isiyoweza kungoja dakika tatu?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makaazi, na kilomita 80 kwa magari makubwa na ya abiria. Ukomo huo haukuwekwa kwa ajili ya kumtafutia askari kazi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Wala ajali haichagui cheo. Taifa hili lilimpoteza Waziri Mkuu wake, marehemu Edward Moringe Sokoine, barabarani Dakawa, Mkoa wa Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, akiwa anatoka Dodoma kurejea Dar es Salaam.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya maelezo hayo, naomba kutoa nasaha chache.

Kwanza, kwa madereva. Ondokeni nyumbani dakika kumi kabla ya muda mliouzoea; mwenda pole hajikwai. Fungeni mikanda hata kama mnakwenda sokoni tu. Simu ikilia, iacheni ilie au simamisheni gari pembeni. Msiupite mkokoteni wala basi lililosimama bila kujua kilicho mbele yake. Na wale mteremkao kwenda bonde la Ziwa Rukwa kwa njia ya Ntendo na Muze, kumbukeni kuwa mnashuka kiasi cha mita 1,000. Ingizeni gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, ili injini ilishike gari. Breki inayokanyagwa mfululizo hupata moto ikaacha kushika, na hapo hakuna ujuzi utakaosaidia.

Pili, kwa vijana wa bodaboda na abiria wao. Kofia ngumu ni mbili, ya dereva na ya abiria, na kuitundika kwenye usukani hakumkingi mtu. Kupakia mishkaki, watu watatu au wanne juu ya pikipiki moja, ni kukusanya misiba ya nyumba kadhaa pamoja.

Tatu, kwa wenye mikokoteni na baiskeli. Bandikeni vipande ving'aavyo nyuma, na msitembee gizani bila taa. Maksai hana taa ya breki.

Nne, kwa wazazi na walimu. Wafundisheni watoto watembee upande wa kulia wa barabara, ili magari yaliyo karibu nao yaje mbele ya macho yao na siyo nyuma ya migongo yao. Kitambaa cheupe begani au mkobani humfanya mtoto aonekane mapema zaidi. Na shule zilizo kando ya lami ziwe na mtu mzima wa kuwavusha watoto.

Mwisho, kwa sisi watumishi wa Serikali. Gari lenye namba ya Serikali hutazamwa na kila mtu. Tukikimbia, wananchi hujifunza kukimbia. Tukisimama kwenye kivuko, nao watasimama.

Ndugu zangu, kesho asubuhi kila mmoja wetu atapita njia ile ile. Nakuombeni muipite kama wageni. Mimi hadi leo, nikifika pale nilipomkuta yule mtoto, hupunguza mwendo nikatazama kulia na kushoto, ingawa mara nyingi hapana mtu. Na kila mara humwitikia kimoyomoyo ile salamu yake niliyoshindwa kuijibu.